Mkataba Umeisha: Uhakiki wa Kijiwe cha Ubungo

Ukimuuliza mtu wa fasihi uhakiki unafundishwa wapi, atakutajia chuo. Mimi nilisoma fasihi Mlimani na sikani nilichopewa pale, lakini wahakiki wakali kuliko wote niliowahi kuwasikiliza hawajawahi kukaa kwenye lile darasa. Wanakaa Ubungo Maziwa, kwenye mabenchi mawili ya mbao na matofali kadhaa, kando ya birika la kahawa. Wanachokihakiki ni wachezaji wa mpira: nani fundi, nani garasa, nani asajiliwe, nani apewe "thank you", na nani atabeba ubingwa msimu ujao.

Najua wapo mtakaosema, jamani, Simba na Yanga hadi huku? Nivumilieni kidogo. Sitazungumzia sana mpira wenyewe. Nataka kuzungumzia namna watu wanavyoubishania, na kitu wanachokibishania hasa wakati midomo inataja majina ya washambuliaji.

Kijiwe chetu hakina jina. Ukiinua macho ukiwa pale unaliona Daraja la Kijazi, magari yanapishana juu kwa juu. Wenyeji wake ni muuza kahawa, ambaye ni Yanga wa damu. Fundi viatu, Simba. Vijana wawili wa bodaboda, mmoja huku na mwingine kule. Mwalimu mstaafu anayedai hana timu, na kila mtu anajua ni Simba. Na baba yangu mdogo, Simba tangu utotoni. Mimi ni mgeni wa kudumu. Nikifika nasema shikamooni, napewa kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata, nasogezewa tofali. Mwanzoni waliteremsha sauti kwa sababu kuna mwanamke. Siku nilipowakumbusha kwamba Simba walianza na jina la Queens, wakapita Eagles, wakawa Sunderland, ndipo mwaka 1971 wakaitwa Simba, sauti zikapanda tena. Nikajua nimepokewa.

Siku huanzia kwa muuza magazeti. Wachache mno wananunua. Magazeti ya michezo yametandazwa chini, watu wamesimama mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari vyekundu na vya njano. Kichwa kinatoa nusu ya habari, kijiwe kinamalizia nusu iliyobaki. Kufika saa nne asubuhi, mchezaji ambaye bado yuko kwao Abidjan au Kinshasa ameshasajiliwa, ameshapangwa namba, na wengine wameshamchoka.

Msije mkadhani ni kelele tupu. Kijiwe kina sheria zake, na ya kwanza ni kwamba hoja isiyo na tarehe ni porojo. Ukisema Yanga wamezoea kuwafunga Simba mabao mengi, utaulizwa lini. Muuza kahawa anazo zake: tarehe 1 Juni 1968, tano bila, tarehe 5 Novemba 2023, tano kwa moja. Fundi viatu naye hajalala: tarehe 19 Julai 1977, sita bila, Abdallah Kibadeni peke yake akiweka matatu, tarehe 6 Mei 2012, tano bila. Mwalimu mstaafu, kwa kuwa hana timu, huwakumbusha wote tarehe 20 Oktoba 2013, Yanga walipokwenda mapumziko wakiongoza tatu bila na mechi ikaisha tatu kwa tatu. Hakuna anayesoma popote. Yote yamo kichwani, na ukikosea siku utasahihishwa na mtu wa timu pinzani, kwa furaha kubwa.

Sheria ya pili ni ya lugha, na hapa ndipo mimi huacha kahawa ipoe. Mchezaji aliyenunuliwa kwa mbwembwe akashindwa kazi ni garasa, yaani ile karata isiyo na thamani mkononi. Kiungo anayevuruga mashambulizi ya wapinzani anakata umeme, na sisi tuliokulia jirani na mitambo ya kufua umeme ya Ubungo, na giza tukalijua vilevile, hatuhitaji kufafanuliwa. Kiungo anayekimbia dakika tisini bila kusifiwa ni punda. Timu inayopendelewa na mwamuzi imebebwa, na filimbi yake inaitwa mbeleko. Karatasi ya kubeti ni mkeka, na ukikosa timu moja tu mkeka umechanika. Fiston Mayele alipokuwa Yanga alishangilia mabao yake kwa kutikisika mwili mzima, na kwa misimu miwili nchi nzima ikatetema, hadi watoto wa chekechea.

Hebu tazameni yanakotoka maneno hayo. Mbeleko, mkeka, umeme, punda: ni vitu vya nyumbani na vya njiani, na viwili vya kwanza vimekaa zaidi mikononi mwa wanawake. Wanaume wanaosema mpira hauwahusu mama zao wanaueleza mpira kwa nguo aliyowabebea mama. Nilimwambia hivyo muuza kahawa. Akafikiri, akasema, "Binti, ndiyo maana mbeleko inauma. Mtu mzima hapaswi kubebwa."

Sasa nimzungumzie baba mdogo, maana bila yeye nisingeandika haya.

Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mpiga debe pale stendi ya mabasi ya mikoani. Arusha, Moshi, Mbeya, Songea: sauti yake ilijaza mabasi. Alilipwa kwa kichwa cha abiria, papo kwa hapo, na siku basi lilipoondoka tupu aliondoka tupu naye. Hakuwahi kusaini karatasi yoyote. Februari 2021 stendi mpya ya Magufuli ilizinduliwa Mbezi Luis, siku ileile na Daraja la Kijazi, na mabasi yakahama. Baba mdogo aliyafuata kwa miezi kadhaa. Lakini kule kulikuwa na utaratibu mwingine na vijana wengine, na nauli ya kwenda na kurudi ilikula nusu ya alichopata. Akarudi Ubungo, akakaa kijiweni. Hakulalamika. Alichofanya ni kuanza kuzungumzia mikataba ya wachezaji, kila siku, kama mtu aliyesomea sheria.

Mnakumbuka sakata la Feisal Salum, Fei Toto. Alitua Jangwani mwaka 2018 akitokea Zanzibar. Desemba 2022 akawaandikia Yanga kwamba anavunja mkataba, akaweka na hela kwenye akaunti ya klabu. Kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ukaenda hadi Juni 2023, ndipo akauzwa Azam. Kwa nusu mwaka nzima kijiwe kiligeuka mahakama.

Muuza kahawa alisimama upande wa klabu. Hoja yake ilikuwa kwamba klabu imemlea kijana, imempa jina, na mkataba bado una muda. Mtu haondoki katikati ya safari kwa sababu ameona basi lenye kiyoyozi. Baba mdogo alimjibu kwamba kulea ni kulea na kazi ni kazi. "Mimi nimelea kampuni ya watu miaka na miaka," alisema, "niliitangaza kuliko redio. Siku ilipohama, hakuna aliyenikumbuka hata kwa shati. Huyu mtoto ana karatasi, mwacheni aitumie."

"Karatasi si ndiyo hiyo inayosema bado yupo?" muuza kahawa akauliza. "Wewe unafurahi tu kwa kuwa ni Yanga wanaoumia."

Hapo kijiwe kilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Baba mdogo hakucheka. Alikaa kimya, akanywa kahawa, kisha akasema maneno ambayo nimeyaweka kichwani neno kwa neno: "Sawa. Mkataba ukiwa haujaisha, mna haki ya kudai. Ukiisha, hamna haki hata ya kununa. Na nasema hivyo kwa timu yoyote."

"Haya," akasema muuza kahawa. "Siku ya kwenu itafika. Tutakusikia."

Watu walishamsikia kila aina ya mtu akibadilika. Msemaji wa Simba mwenyewe, Haji Manara, alihamia Yanga mwaka 2021, na wale waliokuwa wakishangilia matusi yake wakaanza kuyahesabu. Kijiweni ni rahisi kuwa na msimamo juu ya mchezaji wa jirani.

Mtoto wa baba mdogo, kaka yangu, anaishi Columbus, jimbo la Ohio, anafanya kazi kwenye ghala. Jumapili moja alipiga simu, baba mdogo akaiweka sauti ya juu watu wote wasikie. Kaka alikuwa anaangalia mpira wa Kimarekani na wenzake wa kazini, ule wa kushika mkononi, wenye umbo la yai. Akatueleza kwamba wenzake ni mashabiki wa Cleveland Browns, timu ambayo msimu wa 2017 ilicheza mechi 16 ikafungwa zote 16.

"Ikashuka daraja?" akauliza fundi viatu.

Hapana, kaka akasema, kule hakuna kushuka. Timu iliyovurunda kuliko zote ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza kuchagua wachezaji bora wanaotoka vyuoni.

Kijiwe kikalipuka. "Kwa hiyo ukiwa wa mwisho unapewa zawadi?" Mwalimu mstaafu akasema huo ni ujamaa, na tena Marekani! Muuza kahawa akasema akipewa utaratibu huo hapa, timu zitafungana makusudi hadi ligi ikose bingwa. Kaka akacheka, akasema hata kule watu wanabishana hivyohivyo, mwaka mzima, hata kabla kijana hajavaa jezi. Browns walimchagua Baker Mayfield wa kwanza kabisa mwaka 2018. Baada ya miaka minne wakaachana naye, watu wakasema ndiyo basi tena. Akazunguka timu mbili ndani ya msimu mmoja, kisha akatua Tampa Bay na kuifikisha kwenye hatua ya mtoano. Garasa la Cleveland likawa turufu la Tampa.

Utaratibu ule wa kuchagua wachezaji ulianza mwaka 1936, mwaka uleule Simba walipozaliwa Kariakoo. Mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa aliitwa Jay Berwanger, na aliyemchagua ni Philadelphia Eagles. Hakucheza hata mechi moja ya ligi ile, hawakuafikiana mshahara. Nilipowasomea hayo kutoka kwenye simu, baba mdogo alipiga goti lake kwa kiganja. "Mnaona? Tangu 1936 watu wanajua thamani yao."

Ila kuna upande wa pili wa uhakiki huu, na sitaki kuupamba. Neno garasa ni tamu mdomoni, lakini lina mtu ndani yake. Sisi watu wa Dar tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa jiji hili, alichaguliwa wa pili katika mpira wa kikapu wa NBA, na Memphis Grizzlies. Kabla ya James Harden, kabla ya Stephen Curry. Mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa, na hadi leo mashabiki wa Marekani wakiorodhesha chaguo mbovu za miaka hiyo, jina lake halikosi. Siku hiyo kijiweni nilipolitaja, yule kijana wa bodaboda wa Simba aliruka: "Hao wanamjua nini? Katoka hapa hadi kufika kule, mara ya kwanza Mtanzania, wanamwita garasa?" Alikasirika kweli. Na asubuhi ileile alikuwa amemwita mshambuliaji wa timu yake mwenyewe garasa mara tatu, kwa sababu kamchania mkeka. Nikamwangalia. Akaona nimemwangalia. Akawasha pikipiki akaondoka.

Wanafunzi wa fasihi tunafanya hivyohivyo na waandishi. Tunasema riwaya fulani imekufa, mshairi fulani amekwisha, na tunakwenda kula chakula cha mchana. Tofauti ni kwamba muuza kahawa, kabla ya kusema Fei amekwisha, anataka takwimu. Msimu wa kwanza Azam, 2023/24, Fei alifunga mabao 19. Aliyemzidi ni Stephane Aziz Ki wa Yanga, mabao 21. Muuza kahawa alitangaza takwimu hizo mwenyewe, kwa uchungu. "Mbili tu," alisema. "Mabao mawili tu. Huyu mtoto tulimpoteza." Sijui ni wahakiki wangapi wa vitabu wanaoweza kurekebisha hukumu yao hadharani namna hiyo, mbele ya watu wanaosubiri kuwacheka.

Mwanzoni mwa 2024 baba mdogo alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Mtu aliyeishi kwa sauti yake, hana sauti. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituelekeza: kila siku afungue na kufunga vidole, na watu waongee naye, wasimwonee huruma, wasimmalizie sentensi. Sisi wa nyumbani tulimwonea huruma. Tulimmalizia sentensi.

Kijiwe hakikufanya hivyo. Kila Jumamosi walikuja na birika lao. Mama mdogo alinung'unika wiki mbili za kwanza, ya tatu akaanza kuwapikia maandazi. Walikaa uani wakabishana kama kawaida, na baba mdogo akiwa katikati kwenye kiti cha plastiki. Muuza kahawa alikuwa na mchezo wake. Akifika tu anamwinulia kiganja, vidole vitano wazi: "Shikamoo mzee, hii ni ya Novemba!" Tano kwa moja. Fundi viatu alikuwa anakereka. "Muache mgonjwa." Muuza kahawa hakumwacha. Kila Jumamosi, vidole vitano mbele ya uso.

Mwezi wa Mei, Jumamosi moja, muuza kahawa akainua kiganja chake kama kawaida. Baba mdogo akainua mkono wa kushoto, vidole vitano. Tukadhani anamwiga. Kisha ule wa kulia, uliokuwa umelala kwenye paja tangu mwaka uanze, ukatikisika. Kidole cha shahada kikanyanyuka, kikashuka, kikanyanyuka tena, kikabaki juu.

Sita.

"Ya 1977!" akapiga kelele fundi viatu, na machozi yanamtoka. Baba mdogo alikuwa na miaka 12 mwaka huo. Aliisikiliza mechi redioni akiwa amekaa chini ya dirisha la jirani. Muuza kahawa alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Mungu wangu, nimemtibu mwenyewe."

Halafu ikaja Julai. Mkataba wa Clatous Chama na Simba ulikuwa umekwisha, na Yanga wakamtambulisha kama mchezaji wao. Huyu si mchezaji wa kawaida kwa watu wa Msimbazi. Aliondoka 2021 kwenda Morocco, akarudi baada ya nusu msimu, watu wakampokea kama mtoto aliyepotea. Kwa baba mdogo, Chama alikuwa ndiye mpira wenyewe. Jumamosi hiyo, kabla ya kuingia uani, walisimama nje ya geti wakijadiliana kwa kunong'ona: aambiwe au asiambiwe? Shinikizo lake la damu lilikuwa bado halijatulia. Fundi viatu akasema tumfiche hadi wiki ijayo. Nilitegemea muuza kahawa abishe. Hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kutamba siku hiyo kama yeye. Akasema, "Asiambiwe. Mimi silisemi."

Kijana wa bodaboda, yule wa Yanga, hakuwepo kwenye kikao. Alikuja nyuma yetu, akaegesha pikipiki, akaingia uani na jezi ya njano: "Mzee! Chama wetu sasa!"

Kimya. Mama mdogo akatoka jikoni na mwiko mkononi. Baba mdogo alimwangalia kijana, akaiangalia jezi. Mdomo wake ukaanza kazi ile ngumu ya kutafuta neno. Nilitaka kumsaidia, na muuza kahawa akanishika bega nisimsaidie.

"Mka... taba," alisema baba mdogo. Akapumzika. "Ume... isha."

Hakuna aliyecheka. Muuza kahawa akamimina kahawa kwenye kikombe kidogo, akampa kwenye mkono wa kulia, akausaidia kwa chini kwa vidole vyake mwenyewe.

"Tumekusikia," alisema.

Kisha wakaanza kubishana kama Chama, mwenye miaka 33, bado ana mpira miguuni au Yanga wamebeba garasa. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa nguvu. Hapana. Bado ana mpira.